Nilimcheka Msanii kwa Jinsi Alivyoshika Mshale, Leo Naomba Mnisikilize

Leo sina umbea, sina nani kamuacha nani, na kama umekuja kutafuta picha za ile harusi ya Jumamosi shuka chini utazikuta. Hii posti ni ya deni. Itakuwa ndefu, chukua maji kabisa.

Mnaikumbuka posti ya chumvi. Tangu nianze blogu hii hakuna kitu nimeandika kikasomwa kama kile, kwa hiyo msijifanye mmesahau. Kwa mgeni tu: kuna msanii mmoja, jina kapuni, alitoa video, na katikati ya wimbo kuna kipande cha sekunde nane hivi amesimama porini kifua wazi anavuta upinde. Mimi nikaisimamisha video pale pale, nikapiga picha ya skrini, nikaikuza mpaka vidole vikajaa simu nzima. Jamaa alikuwa ameubana mkia wa mshale katikati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada alichokikunja. Basi. Vidole vingine vimejikunja tu havina kazi. Nikaandika kichwa cha habari: Huyu Anawinda au Anaonja Mchuzi? Maana mkono ule ulikuwa ule ule wa mama akichota chumvi kidogo kwenye kopo.

Mlicheka. Komenti zikapita mia nne. Kuna fundi mmoja humu humu, mpaka leo sijui ni nani, akaikata ile picha akatengeneza stika ya WhatsApp: vidole vimebana mshale, chini maandishi "chumvi kidogo". Ikatembea nchi nzima. Nilikuwa naikuta kwenye magrupu ya watu ambao hata jina la blogu hii hawalijui, na kila nikiiona najisikia kama mzazi ambaye mtoto wake kafaulu.

Tatizo sikuishia kwenye kucheka. Nilijifanya mwalimu. Niliandika kwamba upinde una namna moja tu ya kuvutwa, vidole viwili, cha shahada na cha kati, na kwamba kila mtu duniani anajua hilo kasoro msanii wetu. Ushahidi nikautoa Uingereza. Nikasimulia kwamba kwenye vita ya Agincourt mwaka 1415 Wafaransa walikuwa wakimkamata mpiga upinde wa Kiingereza wanamkata vidole hivyo viwili asivute tena maisha yake yote, na Waingereza waliposhinda wakawanyooshea vidole viwili hewani kuwaonyesha kwamba bado wanavyo, na ndiyo maana mpaka leo Mwingereza akikunyooshea vidole viwili, kiganja kikimwangalia yeye, ujue amekutukana. Hadithi tamu sana. Niliitoa kwenye video ya dakika moja, nikaimeza nzima nzima, nikawatapikia ninyi.

Kwenye komenti ya mia mbili na kitu akaja dada mmoja anayeishi Portsmouth, huko huko Uingereza. Kazi yake ni kutunza wazee, na Jumapili akiwa hana zamu anapiga upinde kwenye klabu yao. Tena upinde wenyewe ule mrefu wa mti mtupu, wa kizamani, siyo haya madude ya chuma yenye magurudumu. Aliandika kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, hapo kwenye vidole umeteleza, na kwenye Agincourt pia umeteleza. Ukitaka nitakueleza." Mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Dada, baridi imekupiga." Watu themanini wakaweka kicheko. Ipo pale, sijaifuta.

Wiki ya tatu simu ikaingia, namba siijui. Sauti niliijua kabla hajajitambulisha, maana ni sauti inayopigwa kila daladala.

"Dogo, hujambo?"

"Sijambo kaka, shikamoo." Nikajikuta nimempa shikamoo na hanizidi hata miaka kumi.

"Marahaba. Sijapiga kugombana. Wewe unadhani umenicheka mimi. Ule mkono siyo wangu, ule mkono ni wa babu."

Akanieleza. Upinde ule kwenye video haukununuliwa wala haukuchongwa na watu wa mapambo. Ulikuwa wa babu yake mzaa baba, mzee wa bara huko, kijiji ameniomba nisikitaje. Alikwenda kumuomba kwa ajili ya video, akakaa naye siku tatu. Siku ya kwanza yeye mwenyewe alivuta kwa vidole vitatu, kama alivyoona kwenye filamu za Kizungu. Mzee akampiga kofi la mkono, akamwambia, "Hivyo unavuta kamba ya kisima." Ndipo akamfundisha kubana: gumba huku, shahada ikunje hivi, uzi usiuguse. Siku tatu, mpaka kidole kikamvimba.

Babu alifariki kabla video haijatoka. Ikatoka wakati familia bado iko kwenye msiba, na siku ya arobaini vijana wakawa wanaitazama kwenye simu hapo nyumbani. Mmoja wao, mtoto wa juzi tu, akaitoa ile stika akawaonyesha wenzake. Wakacheka. Bibi akauliza mnacheka nini, na yeye ndiye mjane wa yule mzee. Ikabidi aonyeshwe.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Hakusema kitu. Alisema huo ni mkono wa mwenyewe, akarudisha simu."

Wadau, sikulala vizuri. Asubuhi nikamtafuta yule dada wa Portsmouth kwa ujumbe wa pembeni, nikamuomba radhi, nikamwambia nataka kujua. Mtu mwingine angeninyanyasa kwanza. Yeye akaandika, "Baridi imenipiga lakini akili ipo, twende." Kwa wiki nzima akawa ananitumia sauti akitoka kazini, nyingine unasikia anatafuna.

Kitu cha kwanza alichonitumia ni picha za jumba la makumbusho hapo mjini kwao. Mfalme Henry wa 8 alikuwa na meli ya kivita inaitwa Mary Rose. Ilizama Julai 1545 hapo hapo jirani na Portsmouth, ikalala kwenye tope la bahari mpaka Oktoba 1982 walipoinyanyua. Tope lile limehifadhi vitu ambavyo juani vingeshaoza zamani. Walikuta pinde nzima zaidi ya 130 na mishale zaidi ya 3,500. Nyingi ya pinde hizo zinakaribia mita mbili, yaani zinampita mtu kichwa, zimechongwa kwa mti unaoitwa yew. Wataalamu wanakadiria kwamba kuzivuta kulihitaji nguvu ya kuanzia pauni 100 mpaka 185. Kwa kilo ni kama 45 mpaka 84.

Mimi namba bila kitu cha kushika hainiingii. Nikaenda nyuma tunakoweka madumu ya maji, nikatafuta kamba nyembamba ya katani, nikafunga dumu la lita 20. Hapo ni kilo 20 na ushee. Nikalinyanyua kwa vidole vitatu kama ndoano: shahada, cha kati, cha pete. Likanyanyuka. Kwa viwili likanyanyuka pia, ila kamba ilizama kwenye nyama mpaka nikaona nyota. Nikafunga madumu mawili. Kwa vitatu nilikaa nayo sekunde tatu, nikaachia, ndala zikalowa. Kwa viwili hayakutoka chini. Na hapo ni kilo 40 tu, bado sijaufikia upinde mwepesi kabisa kwenye hesabu ile. Wale watu walivuta, wakaachia, wakavuta tena, siku nzima ya vita. Ndiyo maana Mfalme Edward wa 3 mwaka 1363 aliagiza wanaume wafanye mazoezi ya upinde siku za sikukuu badala ya kupoteza muda kwenye michezo mingine, ikiwemo mpira. Na kwenye mifupa ya waliozama na Mary Rose walikuta baadhi yao wana kasoro ya mfupa wa bega ambayo wataalamu wanaihusisha na kuvuta pinde nzito tangu utotoni.

Halafu nikajaribu chumvi. Nikafunga dumu la lita 10 tu, nikabana kamba kwa gumba na shahada kama msanii. Ikachomoka kama sabuni. Nikarudia, ikachomoka. Nawaambieni ukweli, nilifurahi. Nikasema kumbe nilikuwa sahihi, kubana ni kichekesho! Nikamtumia dada sauti ya dakika nne, napiga na makofi. Akakaa kimya siku nzima, kisha akanijibu kwa maandishi: "Na babu wa msanii alikuwa anampiga nani? Askari wa Kifaransa aliyevaa chuma?"

Nilikaa na swali hilo. Tuliache hapo kwanza, nitalirudia, kwa sababu dada alitaka tumalize ya Uingereza na mimi nilikuwa na ya kwangu ya kusawazisha huko.

Mwaka ule ule wa 1545 ilipozama Mary Rose, mwalimu mmoja anaitwa Roger Ascham alitoa kitabu cha kupiga upinde kinaitwa Toxophilus. Huyu baadaye ndiye aliyemfundisha binti mfalme Elizabeth, yule aliyekuja kuwa malkia. Kwa hiyo tunaye mtu wa zama zile zile, siyo wa kuhadithiwa, anaandika juu ya vidole. Anazungumzia glavu ya ngozi ya kulinda mkono unaovuta, na anaeleza wapi ngozi iwe nene. Kwa maelezo yake uzito unakaa kwenye kidole cha shahada na kidole cha pete. Kile cha kati, pamoja na urefu wake wote, anakisema kama mvivu anayerudi nyuma wenzake wakibeba. Mimi hapo nilicheka peke yangu, maana nilikumbuka madumu: kweli, sugu ilinitoka shahada na pete, cha kati hakina hata alama.

Hesabuni wenyewe. Shahada, kati, pete. Vitatu! Kimoja juu ya mshale, viwili chini yake. Namna hiyo wataalamu wanaiita ya Mediterania, na ndiyo hiyo unayoiona mpaka leo kwenye Olimpiki.

Sasa wale wanaotetea viwili nao hawajatoa hewani. Michoro ya zamani ya Ulaya mingine inaonyesha wapiga upinde wakivuta kwa viwili, mingine vitatu, na hata leo kuna wanaosema vidole vichache kwenye uzi vinaachia kwa usafi zaidi. Dada alianza na viwili, kwa sababu ya hadithi ile ile niliyoimeza mimi, mpaka ncha za vidole zikawa zinakufa ganzi akishika kikombe. Mzee wa klabu yao akamwambia aongeze cha pete. Akaongeza. Ganzi ikaisha.

Na Agincourt? Hapa ndipo niliposhika kichwa. Kuna mwandishi wa habari za enzi hizo, Jean de Wavrin, ambaye alikuwepo siku ya vita yenyewe, tena upande wa Wafaransa. Ameandika kwamba Mfalme Henry wa 5 alipokuwa anawatia moyo watu wake kabla ya kupigana, aliwaambia Wafaransa wamejigamba kwamba mpiga upinde yeyote watakayemkamata watamkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vitatu! Siyo viwili. Na angalieni, ni maneno ya mfalme anayetaka watu wake wapate hasira. Wavrin hasemi kwamba kuna mtu alikatwa. Huyo mpiga upinde wa kawaida alikuwa mtu maskini, hana ndugu wa kumlipia fidia, na mtu wa namna hiyo akikamatwa vitani enzi zile alikuwa na hofu kubwa kuliko ya vidole.

Ile ishara ya vidole viwili nayo, ushahidi wa mwanzo ulio wazi ni filamu ya mwaka 1901, wafanyakazi wakiwa nje ya kiwanda cha chuma huko Rotherham, Uingereza, na mmoja wao amechoka na kamera akainyooshea vidole. Kutoka 1415 mpaka 1901 ni miaka 486. Hapo katikati hakuna aliyeandika kuiunganisha na pinde. Yaani mimi nilimchamba mtu kwa hadithi ambayo vidole vyenyewe havikuhesabiwa sawasawa.

Turudi kwenye chumvi. Dada alinitumia jina moja tu, Edward Morse, akaniambia tafuta mwenyewe, usitafuniwe kila kitu. Morse alikuwa Mmarekani, mtaalamu wa viumbe, mambo ya konokono na chaza, na aliwahi kufundisha chuo kikuu Tokyo. Mwaka 1885 alitoa makala nzima juu ya namna watu wa mataifa mbalimbali wanavyoachia mshale. Na kilichomwingiza humo ni hiki: yeye alikuwa anapiga upinde kwa mtindo wa Kiingereza na hakujua kama kuna mtindo mwingine wowote duniani. Akaja kupiga pamoja na rafiki yake Mjapani, akakuta mwenzake kila kitu anafanya tofauti. Badala ya kumtengenezea stika akaanza kukusanya: michoro, sanamu, mishale, barua kwa watu waliosafiri.

Alipomaliza akazigawa namna za kuvuta katika makundi makubwa matano. Ya Mediterania nimeshaieleza. Kuna ya Wamongolia, wanavuta kwa kidole gumba kimezungushwa kwenye uzi, wengine wanavaa na pete ngumu ya kukikinga, na mshale unakaa upande mwingine wa upinde kabisa. Hiyo ina sababu yake. Upinde wa mtu aliyepanda farasi ni mfupi, na upinde mfupi ukiuvuta sana uzi unajikunja kwa pembe kali pale unaposhika. Ukiweka vidole vitatu vinabanwa vyote kwa pamoja kama kwenye mlango. Gumba ni kimoja, hakibanwi na mwenzake. Upinde wa mita mbili wa Mwingereza hauna shida hiyo, pembe yake ni pana, vidole vitatu vinakaa kwa raha zao. Mbili nyingine ni za katikati, vidole vinasaidia kuvuta uzi huku gumba kikibana mshale.

Na ile aliyoiweka namba moja, ya mwanzo kabisa, ni kubana mkia wa mshale kwa gumba na kidole cha shahada kilichokunjwa.

Sentensi hiyo niliisoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Anasema ndiyo namna ambayo watoto popote duniani huanza nayo bila kufundishwa, na kwamba kuna jamii za watu wazima zilizoitumia kwa uwindaji wa kweli. Kisha akataja kitu kidogo ambacho ndicho kilichonifanya nishuke niketi kwenye benchi la muuza kahawa: watu wanaovuta hivyo mara nyingi mishale yao ina nundu mkiani, au sehemu iliyokwaruzwa, ili vidole vipate pa kushika. Madumu yangu hayakuwa na nundu. Mimi nilibana kamba tupu.

Nikampigia msanii hapo hapo. "Kaka, samahani, swali moja. Mishale ya babu mkiani ikoje?"

Akanyamaza kidogo. "Njoo uone."

Nilikwenda Ijumaa. Nyumba yake sitaielezea. Alinipokea kwa chai na wala hakuigusa habari ya blogu mpaka nilipoigusa mimi. Upinde ulikuwa umeegeshwa nyuma ya kabati, mfupi, ukisimamisha unanifika kifuani, mweusi kwa mafuta ya mikono. Uzi wenyewe babu aliuita upote. Mishale ilibaki mitatu. Nikaigeuza mmoja nikautazama mkia. Wadau, ilikuwa pale. Mzee aliuchonga mti mwembamba mwili mzima, lakini mwishoni aliuacha mnene, duara kama punje ya hindi, juu yake amezungushia kano na utomvu, na kijimfuo cha uzi ni kidogo, hakina kina. Picha yangu ya skrini niliyoikuza ilikuwa nayo nundu hiyo. Vidole vimeifunika nusu, nusu inaonekana. Niliikuza picha ile mpaka mwisho na nilichoona ni chumvi.

Akatundika kiroba cha pumba ukutani uani, akanipa. Kwanza nikavuta kwa vidole vitatu, ile ya Ascham. Nundu ikanizuia, vidole havipati pa kukaa, mshale ukatikisika ukaanguka mguuni kwangu. Akacheka kidogo, kicheko cha kawaida tu. Nikabana. Shahada ikunje, gumba juu, uzi usiuguse. Ile nundu inajaa kwenye mkunjo wa kidole kama imepimwa. Upinde wenyewe ulikuwa mwepesi, sidhani kama unafika dumu la lita 10, na pale mkono ulipochoka mshale uliponyoka wenyewe, wala sikuuachia. Ukaenda hatua kumi na mbili ukakita kwenye kiroba.

"Huwa hauachii," akasema. "Unavuta mpaka unakukimbia. Babu alisema hivyo."

Babu alikuwa anapiga kanga na sungura enzi hizo, mnyama wa kumnyatia mpaka umsikie anatafuna. Kwa kazi hiyo hakuhitaji kilo 45 wala vidole vitatu. Ukimpa mzee yule upinde wa Mary Rose asingeuvuta, na ukimpa mpiga upinde wa Agincourt mshale wa mzee ungemwangukia mguuni kama ulivyoniangukia mimi. Kaka akanionyesha ubavu wa kidole chake cha shahada, pale kwenye mkunjo. Ana alama ndogo imebaki ya zile siku tatu. Babu hapo alikuwa na sugu ngumu kama kwato, bibi alikuwa akiikata kwa wembe.

Nilimuuliza kama nimpigie bibi nimuombe radhi. Alifikiri, akasema hapana. "Bibi hajui blogu ni nini. Ukimpigia ndiyo utaanza kumweleza upya." Akaniambia andika tu ulichokiona, jina langu acha, la kijiji acha, la babu acha pia.

Kwa hiyo ile posti nimeibadilisha kichwa, picha nimeitoa, na juu kabisa nimeweka komenti ya dada wa Portsmouth na jibu langu la kijinga chini yake. Komenti zenu mia nne sijazigusa, ni zenu. Anayejua kwao walivutaje, Mhadzabe, Mkamba, Msandawe, yeyote, tupia hapo chini. Safari hii nitasoma kwanza ndipo nijibu.

Stika sina mamlaka nayo. Jana mama mdogo katuma picha ya pilau kwenye grupu la familia, shangazi akajibu kwa ule mkono, "chumvi kidogo", na watu kumi na moja wakacheka. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mpaka saa hii sijatuma kitu.